Wifi Yangu na Bajeti ya Jimbo

Jumatatu, 4 Machi

Mvua ya kwanza imekuja na upepo, na upepo umeondoka na bati zangu. Fundi kapanda, kachungulia, kashuka, kasema paa lote ni la kubadilisha na yeye hapandi tena mpaka mvua zikatike. Nikamwambia kwa mwendo huo nitaota uyoga kichwani. Akacheka, akaenda zake. Basi nimehamia kwa mdogo wangu na mkewe, na nimeamua kuandika yanayotokea, maana mtu aliyefanya kazi ya unesi maisha yake yote asipoandika ripoti ya zamu hapati usingizi.

Chumba nilichopewa ni cha nyuma. Nalala na cherehani, mataji mawili ya maboksi, na joho jekundu lililotundikwa mlangoni. Asubuhi nimeliambia "karibu" nikidhani ni mtu.

Jumatano, 6 Machi

Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Mimi nimepewa sindano. Joho limekatika vifungo, nami ndiye mwenye muda.

Joho ni la kikundi cha maigizo cha jimbo, anakofanya kazi wifi yangu. Nikisema hivyo watu huuliza, anaigiza nini? Haigizi chochote. Yeye ni mkumbushaji. Anakaa kwenye kigoda pembeni mwa jukwaa, nyuma ya pazia, maneno ya mchezo yako mapajani, na mwigizaji akisahau, yeye humrushia neno kwa sauti ya chini ambayo mwigizaji anaisikia na watazamaji hawaisikii. Kazi nzima ni hiyo. Tangu aolewe na mdogo wangu sijaacha kushangaa kwamba serikali inamlipa mtu mshahara kwa kunong'ona.

Jumatatu, 11 Machi

Leo pamechafuka. Rasimu ya bajeti ya jimbo imetoka, na Mfuko wa Sanaa umefutwa. Haukupunguzwa, umefutwa. Mfuko huo ndio unaolisha kikundi cha maigizo, bendi ya jimbo na karakana ya wachongaji. Baraza la Jimbo likipitisha bajeti hivyo ilivyo mwezi wa sita, kikundi kinavunjwa na ukumbi unafungwa.

Wifi alirudi amelowa, akakaa mezani bila kuvua viatu, akatueleza. Mdogo wangu, ambaye ni fundi umeme na ana moyo laini kuliko waya zake, akaanza kumpa pole. Mimi ulimi wangu hauna mfupa.

"Wifi, nisamehe, lakini mimi nimefunga vidonda kwa mashuka yaliyochanika kwa sababu bandeji hakuna. Sasa kama kuna cha kukata, si heri wakate maigizo?"

Mdogo wangu akanitolea macho. Wifi hakukasirika. Akaniangalia kama mtu anayesubiri nimalizie.

"Ndiyo hivyo tu," nikasema. "Nimemaliza."

"Umesema kweli kuhusu bandeji," akajibu, akaenda kuvua viatu.

Afadhali angenigombeza. Nimekosa pa kushikia.

Alhamisi, 14 Machi

Mvua usiku kucha. Vifungo vyote vimekaa.

Jumamosi, 16 Machi

Nimecheka mpaka mbavu zinauma. Waigizaji walimtuma Mfalme kwenda kumwona Waziri wa Fedha wa jimbo. Mfalme ni mwigizaji wao mkubwa; wamemwita hivyo kwa sababu hajawahi kupewa nafasi ya mtu asiye na taji, na nyumbani kwake nasikia anaomba chumvi kwa sauti hiyo hiyo. Waziri naye ana jina lake mitaani, Mkasi, kwa kuwa popote anapopita kuna kitu kinakatwa.

Mfalme akaingia ofisini, akapiga goti moja, akanyanyua mkono, akaomba. Alilia machozi mawili, moja kila jicho. Alipomaliza, Mkasi akampigia makofi. Akaita na karani na mpishi wa chai waje waone. Akamwambia, "Bwana, una kipaji! Mtu kama wewe huwezi kufa njaa," akamfungulia mlango.

Ndilo kosa la hawa watu. Wakilia kweli, wanalia vizuri mno, hakuna anayewaamini.

Jumatano, 20 Machi

Wamemchagua Wifi awasemee. Wamepiga kura, na kura zote zimeangukia kwake, kwa sababu ndiye peke yake kwenye kile kikundi anayeweza kuketi ofisini kwa mtu bila kutaka atazamwe.

Mdogo wangu anauliza, "Mke wangu, wewe hupazi sauti hata ukiona nyoka. Utawaambia nini wale?"

"Sijui. Kwanza niwasikilize."

Nikaguna. Nikasema moyoni, wamekwisha.

Ijumaa, 22 Machi. Mvua. Wifi kashinda kwenye benchi nje ya ofisi ya mjumbe mmoja. Hakuonana naye.

Jumatatu, 25 Machi. Mvua. Benchi.

Jumanne, 26 Machi. Mvua. Benchi. Wanampiga danadana, leo wamemwambia mheshimiwa yuko mkutanoni, huku Wifi anamwona dirishani anakula ndizi.

Jumanne, 2 Aprili

Nimeenda naye. Nilisema nataka kunyoosha magoti, lakini kusema kweli nilitaka kumwona anavyoshindwa, kisha nimshauri.

Jengo la Baraza la Jimbo lina korido ndefu yenye sakafu inayoteleza na ndoo tatu za kukingia maji yanayovuja darini. Hapo nikajisikia nyumbani kidogo. Tulikaa, tukaingia kwa mjumbe wa kwanza, mwanamke mnene anayesema haraka. Wifi hakuomba chochote. Alimuuliza, "Mheshimiwa, huko kwenu hali ikoje?" Yule mama akamwaga yote: barabara, mbolea, vijana wanaoshinda wamekaa kwenye kuta jioni hawana pa kwenda, wakichoka kukaa wanaanza kuvunja. Wifi alisikiliza kichwa kikiwa kimeinama. Tukaaga.

Koridoni nikamvamia. "Wifi! Umekaa siku zote hizo kwenye benchi, umeingia, hujataja hata neno sanaa!"

"Leo ilikuwa zamu yake kusema."

Kisha tukaingia kwa mwingine, ambaye kumbe Wifi alishamwona wiki iliyopita. Huyo nilimtazama vizuri. Alikuwa ameshajiandaa kukataa, miwani iko puani, mikono imefungana. Wifi akamwambia, "Mheshimiwa, wiki iliyopita ulisema wazee wa kwenu hawatoki ndani tena, kila mtu na redio yake, majirani hawajuani. Nimekwenda kuuliza. Mara ya mwisho walitoka wote ilikuwa kikundi kilipokwenda na mchezo. Waliokosa viti walisimama."

Yule mheshimiwa akavua miwani. "Mimi nilisema hivyo?"

"Ulisema hivyo."

"Mh," akasema. "Nilisema vizuri."

Nimekaa naye chini ya paa moja mwezi mzima nikidhani ni mpole tu. Yule mwanamke anamrudishia mtu maneno yake mwenyewe mahali alipoyasahau, na mtu akiyapokea anasimama wima. Ni ufundi, na sikuwahi kuuona.

Jumatatu, 8 Aprili. Mvua. Benchi. Nimemfungia chai ya chupa.

Jumatano, 17 Aprili

Siku ya aibu, sijui niianzie wapi.

Leo Kamati ya Bajeti ilisikiliza maoni ya wananchi. Waigizaji walikuja wote, wamevaa nguo za heshima. Mkasi alizungumza kwanza. Huwa hasomi karatasi, anajivunia hilo, na hotuba ni ile ile anayoitoa kila mahali. Wifi ameisikia kwenye vikao vyote alivyohudhuria. Akaunguruma: "Wananchi hawali nyimbo! Wananchi wanavaa nyimbo? Hawavai! Kipaumbele cha serikali hii ni maji, ni dawa, ni..." Akasita. "Ni..." Akatazama dari. "Ni..."

"Barabara," likaja neno, taratibu, kutoka kwenye benchi letu.

"...ni barabara!" Mkasi akadaka na kuendelea, sentensi mbili nzima, kabla hajashtuka. Akanyamaza. Akageuka. Chumba kizima kikageuka. Wifi alikuwa ameziba mdomo kwa viganja vyote viwili.

Alimpa adui silaha aliyoiangusha. Kacheka mwenyekiti, wakacheka wajumbe, akacheka hata Mkasi. Sisi hatukucheka. Ilipofika zamu yetu hakuna aliyesikiliza, walikuwa bado wanafuta machozi ya kicheko.

Nje, kwenye mvua, Mfalme akamfokea mbele ya watu. "Msaliti! Unamkumbusha anayetuchinja!"

"Alikwama," Wifi akasema. "Mtu alikuwa amekwama."

Mimi mwenyewe nilikuwa na hasira naye, nilikuwa nimeshaandaa maneno ya njiani. Lakini nilipomwona yule mwanamume mzima amemsimamia juu ya kichwa, nikampa za uso. Nikamwambia, "Wewe, ni mara ngapi umekwama na huyu akakutoa? Ulimwita msaliti siku hizo?" Akafungua mdomo. Hakupata neno, na kwa mara ya kwanza katika maisha yake hakuna aliyemrushia.

Jumanne, 23 Aprili

Kimya kingi kina mshindo mkubwa, walisema wahenga, na leo mshindo umegonga mlango wetu.

Aliyegonga ni mjumbe wa Baraza ambaye wenzake wamempa jina la Mheshimiwa Kimya. Yuko barazani tangu uchaguzi uliopita na hajawahi kusimama kusema. Kwenye kampeni alikuwa akizungumza shemeji yake. Yeye alikuwa anasikiliza watu, na watu wakampigia kura kwa kusikilizwa. Ni mrefu, amekonda, kaingia akijikunja kama mlango ni mfupi, na si mfupi.

Hakukalia kochi mpaka alipoambiwa mara ya pili. Akamwambia Wifi, "Mama, nilikuwepo kwenye kamati. Nimekuona ulivyomsaidia Waziri. Nikasema, kama mtu huyu anaweza kumsaidia yule, basi mimi atanisaidia zaidi."

"Una shida gani, mheshimiwa?"

"Nikisimama maneno yanaondoka. Yote. Najua ninachotaka kusema, macho yakinigeukia nabaki mtupu."

Kisha akasema anataka kutoa hoja ya kurejesha Mfuko wa Sanaa, na kwamba hakuna mjumbe mwingine atakayethubutu, kwa sababu wote wana kitu wanachomwomba Mkasi. Yeye hana anachomwomba, maana kuomba ni kusema.

Nikamuuliza, mimi mdomo wazi, "Na wewe sanaa inakuhusu nini?"

Akajibu akiangalia mikono yake. Mama yake alikuwa anafua nguo za watu. Kikundi cha jimbo kilikuwa kinakuja kwao mara moja kwa mwaka, kiingilio bure. Mama alikuwa anakwenda peke yake, kisha akirudi anawaigizia watoto mchezo mzima jikoni, sauti zote, wafalme, walevi, wachumba. "Mama yangu alikuwa mtu aliyechoka," akasema. "Siku hiyo tu ndiyo tulikuwa tunamwona akiwa hajachoka."

Mdogo wangu akaondoka kwenda kutazama fyuzi. Hakuna fyuzi iliyokuwa imekatika.

Jumamosi, 27 Aprili

Kikundi kilikwenda kuonyesha mchezo kwenye mji mdogo upande wa kaskazini, nami nikapanda lori lao pamoja na mapazia. Ukumbi ni wa shule. Mvua ilipiga bati mpaka waigizaji wakawa wanapiga kelele, lakini watu walijaa, wengine wamejifunika mifuko ya plastiki.

Mchezo ni wa kawaida: mwanamke anayeuguza mume asiyemshukuru, na siku mume anapokufa anajikuta hawezi kulia. Nilikaa mwishoni, nimekunja uso kwa mazoea. Watu walikuwa wanawajibu waigizaji, wanamkemea mume, wanamwambia mke atoke. Kisha ikaja ile sehemu anapokaa karibu na kitanda kitupu na kukunja shuka, anakunja, anakunjua, anakunja tena. Ukumbi ukatulia, ikabaki mvua peke yake.

Mimi nimewaona wanawake hao. Nimewaona wodini, na nikawaambia, "Pole mama, tunahitaji kitanda." Sikuwa na kingine cha kuwapa, wala muda.

Ulipokwisha, mama mmoja mwenye kanga mabegani alikwenda moja kwa moja hadi kwa yule mwigizaji, akamshika mkono. Hakumsifu. Alimuuliza swali moja tu.

"Mlijuaje?"

Akasimama hapo anangoja jibu, na yule dada mwigizaji hakuwa nalo. Wakabaki wameshikana mikono.

Nimerudi, nimeoga, naandika. Ile habari ya bandeji bado naishikilia, bandeji lazima zinunuliwe. Lakini yule mama hakuwa na kidonda ambacho mimi ningeweza kukifunga, na kuna mtu alikwenda mpaka kwao, kwa lori la serikali, kumwambia kwamba anajulikana. Sasa naona hiyo pia ni kazi ya serikali. Nimemwambia Wifi hivyo wakati tunakula, nikaongeza asije akavimba kichwa.

"Sivimbi," akasema. Akavimba kidogo.

Ijumaa, 3 Mei

Mazoezi yameanza sebuleni. Mheshimiwa Kimya anasimama kwenye zulia, mdogo wangu ni wajumbe wa chama tawala, mimi ni Spika. Nimepewa mwiko wa kugongea meza. Wifi anakaa pembeni, nyuma ya kabati.

Jioni ya leo Mheshimiwa kafika "Mheshimiwa Spika" akakwama hapo hapo.

Jumanne, 7 Mei. Mvua. Kafika "naomba kutoa hoja".

Jumatatu, 13 Mei

Kafika katikati. Wifi hamfundishi kusema, anamfundisha kunyamaza. Anamwambia, "Ukikwama usikimbie. Simama hapo hapo. Wao hawajui kama umekwama au unafikiri. Wape nafasi wadhani unafikiri."

"Na wewe utajuaje kama nimekwama?"

"Pumzi. Anayefikiri anavuta pumzi. Aliyekwama anaizuia."

Nikakumbuka wagonjwa. Nami nilikuwa najua mtu anavyoendelea kwa pumzi tu, kutokea mlangoni. Nilidhani ni sisi manesi peke yetu tunaosikiliza hivyo.

Jumapili, 19 Mei

Mfalme amekuja kuomba radhi. Ameomba kwa sauti ya kawaida, ikamtoka nyembamba na ya kukwaruza, hata nikamwonea huruma. Wifi akamwambia yaliyopita si ndwele, akampa joho lake. Baada ya chai akasaidia mazoezi. Alikuwa wajumbe wa upinzani, akazomea vizuri mno.

Jumatano, 29 Mei

Mvua zinapungua. Mheshimiwa kaimaliza hoja yote, mwanzo mwisho, mpaka habari ya mama yake. Nimegonga mwiko ukavunjika.

Jumanne, 4 Juni

Kesho ndiyo kura. Wifi ameitwa ofisini kwa Mkasi mchana, pamoja na Mheshimiwa Kimya. Amerudi jioni.

"Amekubali," akasema. "Hoja ikitolewa hatapinga."

Mdogo wangu karuka juu. Mimi nimezoea wakubwa wa hospitali, najua mkubwa hatoi bila kupokea. Nikamuuliza, "Kwa sharti gani?"

"Dogo. Anataka kitu cha kuwaonyesha wenzake, wasiseme amelegea. Kila idara imekatwa mahali."

"Kitu gani?"

"Wifi, nimechoka. Kesho utakuwepo, utasikia."

Akaenda kuosha vyombo. Aliviosha vyote, hata vilivyokuwa safi.

Jumatano, 5 Juni

Naandika taratibu, nisiruke kitu.

Tulikaa jukwaa la wageni, juu, mstari wa mbele. Wageni haturuhusiwi kutoa sauti. Limeandikwa tangazo ukutani, na askari wa Baraza anasimama mlangoni kulisimamia. Waigizaji walikuwa nyuma yetu. Chini, Mkasi alikuwa kwenye kiti chake, mikono kifuani.

Walipofika kifungu cha sanaa, Spika akauliza kama kuna marekebisho. Mheshimiwa Kimya akasimama. Ukumbi mzima ukageuka kwa mshangao, mjumbe mmoja akapiga mluzi.

"Mheshimiwa Spika," akasema, na sauti ikatoka.

Alisema. Alisema mama yake alikuwa anafua. Akasema habari ya jikoni na zile sauti. Waliokuwa wanacheka wakaacha. Alipokwama mara ya kwanza alisimama, akavuta pumzi, akaendelea, na mimi juu nikavuta pumzi pamoja naye. Akasema serikali inayojenga kisima inawapa watu maji, na hilo ni deni lake kwao, na serikali inayowapelekea mchezo inawaambia imewaona, na hilo nalo ni deni. Hiyo sentensi waliitengeneza pale kwenye zulia letu, naijua neno kwa neno.

"Kwa hiyo, Mheshimiwa Spika, naomba kutoa hoja kwamba Mfuko wa Sanaa urejeshwe wote kama ulivyokuwa, isipokuwa..."

Akanyamaza.

Nikashtuka. Mimi nimekuwa Spika mwezi mzima, hakuna siku niliyosikia "isipokuwa". Nikatazama pumzi yake. Hakuwa ameizuia. Alikuwa anapumua sawasawa, na alikuwa ameinua macho, anamtazama Wifi. Akatikisa kichwa kidogo sana. Hakuwa amesahau. Alikuwa hataki kusema.

"Mheshimiwa," Spika akasema, "isipokuwa nini?"

Wajumbe wakaanza kunong'ona. Mkasi akafungua mikono, akajiweka sawa kitini kama mtu anayetaka kusimama, na nikaelewa kwamba sharti lisiposemwa, makubaliano yamekwisha na hoja itaanguka.

"Mheshimiwa, kama huna la kuongeza, muda wako..."

Wifi akainama mbele, akashika ukingo wa jukwaa. Akatumia ile sauti yake ya kazini.

"Isipokuwa nafasi ya mkumbushaji, ambayo inafutwa."

Sauti haikuwa kubwa, lakini ilifika kila kiti. Mfalme nyuma yangu akasema "Hapana." Spika akagonga meza: "Nani huyo?" Askari akaanza kuja.

Mheshimiwa Kimya bado alikuwa anamtazama, machozi yanamtoka. Wifi akarudia, polepole, kama anayemsaidia mtu kuvuka.

"Isipokuwa nafasi ya mkumbushaji."

"Isipokuwa nafasi ya mkumbushaji," akasema yule mtu, "ambayo inafutwa. Naomba kutoa hoja." Akakaa, akafunika uso.

Askari hakupata kumgusa. Wifi alishasimama, ameokota mwavuli wake, anatoka mwenyewe. Nilitaka kumfuata; akanionyesha kwa kiganja, kaa, sikiliza.

Mkasi akasimama, akasema serikali haina pingamizi. Spika akawahoji. Walioafiki walisema ndiyo mpaka vioo vikalia. Waigizaji hawakupiga makofi. Walikuwa wamesimama tu, wote.

Nilimkuta koridoni, amekalia kiti alichopewa na yule yule askari aliyekuja kumtoa.

"Wamesemaje?"

"Wamepitisha."

"Alimaliza sentensi?"

"Alimaliza."

"Basi vizuri."

Hapo nikapasuka. Nikamwambia ana wazimu, kwamba ni wapi mtu humwaga unga wake mwenyewe kwa mikono yake miwili, kwamba yeye ndiye aliyekaa kwenye benchi masika mazima na yeye ndiye anayefukuzwa. Nilikuwa nalia na kumfokea pamoja, askari akaenda kutazama dirishani.

Akangoja nimalize. "Mkasi alitaka mtu mmoja akatwe. Fundi taa ana watoto wadogo. Mshona mavazi hajui kazi nyingine. Ningetaja nani, wifi? Nani ambaye ningeweza kumtaja na kesho nimsalimie?"

Nikamfunga kanga yangu mabegani, tukashuka ngazi.

Alhamisi, 6 Juni

Waigizaji wamekuja wote wakitaka kugoma. Amewakatalia, amewapa chai, amewafukuza waende mazoezini. Mdogo wangu amemtengenezea mkewe taa ya kusomea ambayo haikuwa imeharibika.

Mimi nina umri wa kutosha kujua kwamba watu wengi wanapenda kitu kwa kuwa kinawapenda wao. Huyu ameipenda kazi ambayo sifa zake zote zilikuwa za wengine, na ilipobidi ameitoa ili ibaki. Naona fahari kuitwa wifi yake. Nimeandika hapa, na nitamwambia pia, nikipata namna ya kusema bila kulia.

Jumatano, 19 Juni. Jua. Fundi kapanda paani kwangu. Sina haraka.

Jumamosi, 6 Julai

Paa langu limekwisha tangu juzi, ila leo kikundi kilifungua mchezo mpya ukumbini kwao, nikasema nitahama kesho.

Wifi hakutaka kwenda. Nikamwambia basi mimi nitakwenda na nani? Tumelipa kiingilio mlangoni. Mkata tiketi hakutaka kupokea pesa, Wifi akaziacha mezani. Tukakaa safu ya tatu, katikati. Hakujua mikono aiweke wapi. Kila mara ilikuwa inapapasa mapajani, pale yanapokaa maneno ya mchezo.

Mfalme alikuwa mfalme, kama kawaida. Katika sehemu ya pili anamuaga bintiye anayeolewa mbali, anamwambia aende salama, kisha binti akishatoka yeye anabaki peke yake anatazama mlango. Haongei. Ni kama dakika nzima bila neno. Nilihisi Wifi amenishika mkono kwa nguvu, nikadhani amemwona amekwama.

"Wifi," akaninong'oneza, "huwa analia hapa?"

Nikatazama. Mfalme alikuwa analia kweli, bila sauti, uso wote.

"Si unamjua wewe? Mmefanya kazi pamoja miaka yote hiyo."

"Mimi nilikuwa pembeni, nafuata maneno. Hapa hakuna maneno. Nilikuwa nafungua ukurasa." Hakuondoa macho jukwaani. "Sijawahi kuuona mchezo wetu kutoka huku mbele. Hata mmoja."

Nikataka kumwambia lile neno la fahari nililoliweka tangu mwezi uliopita. Nikafungua mdomo.

"Nyamaza, wifi," akasema, anajifuta machozi kwa ncha ya kanga yangu. "Nataka nione."